Naitunza seva ya ofisi. Je, naruhusiwa kuishambulia kwa majaribio?

Swali la msomaji: Nimeweka Kali Linux kwenye laptopu yangu wiki tatu zilizopita na nimefuata mafunzo kadhaa ya video. Amri zinakwenda, ila sielewi ninachokiona. Kazini mimi ndiye ninayetunza seva moja ya Linux. Naweza kujifunzia juu yake upimaji wa usalama? Kama sivyo, nianzie wapi? Na siku nikikuta tundu kwenye tovuti ya watu wengine, nifanye nini?

Jibu:

Seva ya ofisi iache kwanza. Kushika funguo za nyumba si kuimiliki. Umepewa root (mamlaka yote juu ya mfumo) ili seva ifanye kazi. Hukupewa ili uivunje uone kama inavunjika. Mashine ni ya ofisi, data iliyomo ni ya wateja na wafanyakazi, na huenda seva yenyewe imekodishwa kwa kampuni nyingine yenye masharti yake. Sheria za nchi nyingi hazianzi kwa kuuliza nia yako ilikuwa njema au mbaya, zinaanza kwa kuuliza nani alikupa idhini. Robert Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia programu ya kujinakili kwenye intaneti Novemba 1988. Haikufuta mafaili ya mtu, ila ilijinakili kupita alivyokadiria, na mashine zikazidiwa. Alijitetea kwamba hakukusudia madhara. Mahakama ikasema kuingia bila idhini kwa makusudi kunatosha. Alipewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050.

Jambo la pili, na hili wanaoanza hawapendi kulisikia: Kali haikufundishi chochote. Ni Debian, mojawapo ya aina za Linux, iliyojazwa zana za upimaji wa usalama. Watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa mtu asiyeizoea Linux, wala kama mfumo wa kazi za kila siku. Unasema amri zinakwenda lakini huelewi unachokiona, na sababu iko hapo: nmap, zana ya kuskani mitandao, inakuonyesha huduma, poti (milango ya mtandao) na matoleo, nawe hujui bado huduma ya Linux inawaka vipi, inakimbia kwa jina la mtumiaji gani, na inasoma faili gani la mipangilio. Rudisha kwenye laptopu mfumo wa kawaida, kisha weka Kali ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako. Kama ruhusa za mafaili, mabomba ya amri na SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) bado vinakupiga chenga, pitia kwanza mchezo wa Bandit wa OverTheWire. Unaingia kwa `ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220`, nywila ni bandit0, na kila ngazi inakupa nywila ya ngazi inayofuata. Wenyewe wameuweka uvunjwe, kwa hiyo hapo huna wa kumwomba ruhusa.

Maabara ndani ya laptopu

RAM ya GB 8 inatosha. Kali ipe GB 2 na diski ya GB 20 au zaidi. Mashine ya kulengwa iwe Metasploitable 2, ambayo ni Ubuntu 8.04 iliyoharibiwa makusudi. MB 512 zinaitosha. Inakuja kama faili la diski, si kama CD ya kusakinisha: kwenye VirtualBox (programu ya kuendeshea mashine pepe) unaunda mashine mpya ya Linux, kisha unachagua kutumia diski iliyopo. Jina la kuingilia ni msfadmin, na nywila ni hiyohiyo. Kama laptopu yako ina chipu ya ARM, mashine hii ya x86 haitawaka ndani ya VirtualBox. Itabidi uiigize kwa QEMU, nayo itakwenda kwa kujikokota.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni mtandao. Ukiacha mashine zote mbili kwenye mpangilio wa NAT, kila moja itapata anwani 10.0.2.15 na hazitaonana kabisa. Mtu akiona hivyo, hukimbilia Bridged, na hapo ndipo hatari ilipo: Metasploitable sasa iko kwenye Wi-Fi pamoja na vifaa vya kila mtu, na yeyote aliye karibu anaweza kuichukua na kuitumia kuwafikia wengine. Kinachofaa ni Host-only, mtandao unaoishia ndani ya laptopu yako. Ipe Metasploitable kadi hiyo moja tu. Kali ipe kadi mbili: ya kwanza NAT kwa ajili ya masasisho, ya pili Host-only kwa ajili ya maabara. Kama orodha ya Host-only ni tupu, uunde mtandao huo kwanza kwenye kidirisha cha mitandao cha VirtualBox. Kwa kawaida utakuwa 192.168.56.0/24. Kabla ya shambulizi lolote hakikisha mlengwa hana njia ya kutoka nje: ukiwa ndani ya Metasploitable, `ping -c 2 8.8.8.8` inatakiwa ishindwe. Ikifaulu, simama urekebishe.

Halafu hifadhi hali ya mashine zote mbili kama snapshoti. Utaharibu kitu, na kurudi nyuma kwa sekunde kumi ni bora kuliko kusakinisha upya.

Sasa tafuta mlengwa na umskani:

`nmap -sn 192.168.56.0/24`
`sudo nmap -sV -oA kwanza 192.168.56.102`
`sudo nmap -p- -sV -oA pili 192.168.56.102`

(Badilisha anwani iwe ile uliyoiona wewe.) Linganisha matokeo mawili ya mwisho. Nmap ikiachwa yenyewe hupima poti 1,000 zinazotumika zaidi, na hapa itakuonyesha 23 hivi zilizo wazi. Kwa `-p-` inapima zote 65,535, na idadi inafika 30 hivi. Mojawapo ya zile zilizokosekana ni 3632 ya distccd, ambayo humruhusu yeyote aendeshe amri bila nywila. Somo hilo peke yake linastahili jioni nzima: ripoti yenye maneno "hakuna tatizo" inahusu poti zilizopimwa tu. Nazo ni za TCP. UDP, aina nyingine ya mawasiliano yenye poti zake, inahitaji `-sU`, na ni ya polepole mno, kwa sababu Linux hujibu "poti imefungwa" kama mara moja kwa sekunde. Kupima UDP yote kwa kasi hiyo kunapita saa 18. Chagua chache, kwa mfano `-sU --top-ports 50`.

Usikimbilie Metasploit, zana yenye mashambulizi yaliyokwisha kutayarishwa. Anza kwa mkono, na poti 21 ni mahali pazuri. Utaona vsftpd 2.3.4, toleo ambalo mwaka 2011 kifurushi chake rasmi kilichezewa na kuwekewa mlango wa nyuma: jina la mtumiaji likiwa na `:)` ndani yake, seva inafungua poti 6200 yenye ganda (sehemu ya kuandikia amri) la root. Fungua `nc 192.168.56.102 21`, andika `USER yeyote:)`, kisha `PASS chochote`. Unganisho litaganda, na ndivyo linavyotakiwa. Kwenye terminali nyingine andika `nc 192.168.56.102 6200`, halafu `id`. Hakuna alama ya kukukaribisha itakayotokea. Andika tu, na jibu litakuja.

Usiishie hapo ukashangilia. Ukiwa na ganda lile, jiulize: huduma hii ilikuwa inakimbia kwa jina la nani, na kwa nini? Shambulizi langu limeacha alama gani kwenye `/var/log`? Msimamizi angeligunduaje? Halafu zima huduma, skani tena, uone poti imefungwa kweli. Tundu ambalo huwezi kulieleza wala kuliziba hujalijua. Umebonyeza kitufe tu.

Ukifika kwenye Metasploit yenyewe, utakutana na ujumbe kwamba shambulizi limekamilika lakini hakuna kikao kilichoundwa. Mara nyingi hatia ni LHOST, yaani anwani ya mashine yako ambayo mlengwa ataipigia. Programu imechukua anwani ya kadi ya NAT, 10.0.2.15, na mlengwa anajaribu kukupigia simu kwa anwani asiyoweza kuifikia. Weka `set LHOST` kwa anwani ya Kali iliyo kwenye 192.168.56. Shambulizi la Samba, huduma ya kushirikiana mafaili, lililo kwenye mashine hiyohiyo (namba yake ya utambulisho ni CVE-2007-2447) litakuonyesha hili vizuri.

Mashine ya pili: ya kisasa, uiharibu mwenyewe

Metasploitable ni ya zamani mno kukufundisha jinsi Linux ya leo inavyovunjwa. Ya leo huvunjwa zaidi kwa uzembe wa mipangilio. Sakinisha Debian au Ubuntu Server kwenye mashine pepe nyingine, unda mtumiaji asiye na sudo, kisha tia makosa kwa mkono wako mwenyewe. Kwa mfano, ukiwa root: `chmod u+s /usr/bin/find`, alama inayoifanya find iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili, yaani root. Ingia sasa kama yule mtumiaji wa kawaida na utafute mafaili yenye alama hiyo:

`find / -perm -4000 -type f 2>/dev/null`

Ukiiona find kwenye orodha, jaribu `find . -exec /bin/bash -p \; -quit`. Umekuwa root. Irudie bila `-p` uone inavyokataa: bash ikigundua kwamba mtumiaji halisi si yule ambaye mamlaka yake inayatumia, huyaachia mamlaka hayo, isipokuwa umeiambia isifanye hivyo. Ukishaelewa sentensi hiyo, nusu ya mbinu za kupanda cheo kwenye Linux zinaacha kuwa uchawi. Rudisha kwa `chmod u-s /usr/bin/find`.

Makosa mengine ya kujitilia: skripti ya cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) inayokimbia kama root lakini kila mtu anaweza kuiandika, mstari wa sudoers (faili la wanaoruhusiwa kutumia sudo) unaomruhusu mtumiaji kuendesha kihariri cha maandishi kama root, mtumiaji kuwekwa kwenye kundi la docker, jambo ambalo wasimamizi wengi hawajui kwamba ni sawa na kumpa root, maana anaweza kuanzisha kontena lenye diski nzima ya mwenyeji ndani yake. Tia moja, livunje, lizibe, ndipo utie lingine. Ukiyatia yote kwa pamoja hutajua lipi lililokuingiza.

Kwa nywila, kuna mtego mmoja unaokatisha tamaa watu. Unachanganya mafaili kwa `sudo unshadow /etc/passwd /etc/shadow > hashi.txt`, unaipa John the Ripper, zana ya kubahatisha nywila, nayo inasema hakuna hashi (nywila iliyofumbwa) iliyopakiwa. Tazama mwanzo wa hashi yako. `$6$` ni SHA-512 na John huitambua yenyewe. `$y$` ni yescrypt, ambayo Debian imekuwa ikiitumia tangu toleo la 11, na hiyo inataka `john --format=crypt --wordlist=orodha.txt hashi.txt`. Itakwenda polepole sana, na si hitilafu: imebuniwa iwe polepole. Maliza kwa kufuta hashi.txt. Faili la hashi lililosahaulika kwenye folda ya mtumiaji ni tundu lililochimbwa na mpimaji mwenyewe.

Turudi kwenye seva ya ofisi

Kuna kazi juu ya seva hiyo ambayo ni yako bila barua ya mtu, kwa sababu ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya: kusoma mipangilio na kuirekebisha. `sudo ss -tulpn` inaonyesha kila kinachosikiliza na programu iliyokifungua. Chochote usichoweza kukieleza kwa sentensi moja, kifuatilie. `sudo lynis audit system` itakagua mamia ya mambo na kukupa alama mwishoni. Soma maonyo, ziache alama. Watu huzifukuzia, wakabadilisha mipangilio ya keneli (kiini cha mfumo) wasiyoielewa ili tu namba ipande.

SSH ichunguze kwa `sudo sshd -T`, si kwa kusoma faili. Kwenye SSH thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika, na mafaili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` kwa kawaida husomwa mwanzo kabisa. Ndiyo maana mtu huandika `PasswordAuthentication no` kwenye faili kuu, akalala akijua amefunga, kumbe kuna faili dogo la cloud-init (programu inayoandaa seva mpya za wingu) limeshasema yes. Kabla ya kuianzisha upya huduma, endesha `sudo sshd -t`, na uache kikao kingine kikiwa wazi hadi uhakikishe unaweza kuingia upya.

Kosa kubwa zaidi la wakaguzi wachanga ni kuamini namba ya toleo. Chukua Heartbleed ya 2014. OpenSSL iliziba tundu katika 1.0.1g, na matoleo 1.0.1 hadi 1.0.1f yalikuwa na ugonjwa. Debian 7 haikupandisha toleo. Ilikichukua kiraka, ikakishona kwenye kile ilichokuwa nacho, na kifurushi salama kikaitwa 1.0.1e-2+deb7u5. Skana inayosoma "1.0.1e" tu ingepiga kelele juu ya mashine iliyokwisha kutibiwa. Ubuntu na Red Hat hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba toleo ni la zamani, hivyo ni dhaifu. Uliza kifurushi chenyewe: `apt changelog openssl` kwa Debian na Ubuntu, `rpm -q --changelog openssl | grep CVE` kwa Red Hat na jamaa zake. Na upya si kinga: mlango wa nyuma uliogunduliwa na Andres Freund Machi 2024 ulikuwa kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1, wakati huo matoleo mapya kabisa.

Kinyume chake pia hutokea: kifurushi kimesasishwa lakini tundu bado liko wazi, kwa kuwa programu inayokimbia imeshikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. `needrestart` itakutajia huduma za kuanzisha upya. Kwa keneli, linganisha `uname -r` na toleo lililosakinishwa. Seva isiyowashwa upya mwaka mzima inakimbia keneli ya mwaka jana hata kama masasisho yote yamewekwa.

Ukitaka kwenda mbele ya hapo, yaani kubahatisha nywila kwa wingi, kujaribu mashambulizi, kuskani kutoka nje, sasa unahitaji karatasi. Ukurasa mmoja unatosha. Isainiwe na mtu mwenye mamlaka juu ya seva hiyo, si mwenzako wa dawati la jirani. Iandike anwani za IP hasa (si "mfumo wetu"), tarehe na saa, mbinu zilizoruhusiwa na zilizokatazwa, simu ya mtu wa kupigiwa huduma ikianguka, utakachofanya ukikutana na data za watu, na nani atakayepokea ripoti. Kama seva iko kwa mtoa huduma za wingu, soma masharti yake. Baadhi huruhusu vipimo vya kawaida bila kuomba, lakini mashambulizi ya kuilemea seva hukatazwa. Barua ya bosi wako haikufungulii mlango wa mali ya kampuni nyingine.

Hata ukiwa na barua, mengi yanaweza kwenda kombo. Fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea nywila, ikiwa na mipangilio yake ya kawaida hukufungia baada ya makosa 5 ndani ya dakika 10. Ukiwa unabahatisha kutoka ofisini, pengine umeifungia ofisi nzima, maana wote mnatoka kwa anwani moja. pam_faillock inaweza kufunga akaunti za wafanyakazi asubuhi ya kazi. Mashambulizi ya keneli, mfano Dirty COW ya 2016, yanajulikana kwa kuiangusha mashine baada ya kufanikiwa, kwa hiyo usiyafanye kabisa juu ya seva hai: andika kwamba kiraka hakipo, inatosha. Na ukiskani mtandao mzima, kumbuka printa. Nmap yenyewe huruka poti 9100 hadi 9107 inapotafuta matoleo, kwa sababu printa nyingi huchapisha chochote kinachotumwa huko, na karatasi zitajaa herufi zisizosomeka. Njia iliyo salama kuliko zote ni kutengeneza nakala ya seva kwenye mashine pepe, ukaondoa data halisi, ukaishambulia hiyo.

Tundu kwenye tovuti ya watu

Kwanza, hukutakiwa kuwa unalitafuta. Kama umekutana nalo katika matumizi ya kawaida, simama palepale ulipo. Mfano wa kila siku: umebadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa na ankara ya mtu mwingine imetokea. Ushahidi unao tayari. Ukifungua ya pili "kuhakikisha", umeanza kukusanya data za watu, na maelezo yako mbele ya wakili yanakuwa magumu. Usiipakue, usiitumie rafiki picha yake.

Andika anwani ya ukurasa, saa, ulichofanya hatua kwa hatua na ulichoona, huku majina ya watu yakifunikwa. Tafuta mahali pa kuripoti: jaribu `/.well-known/security.txt` kwenye tovuti hiyo, utaratibu uliowekwa rasmi mwaka 2022 kwa RFC 9116. Ikiwa wana mpango wa zawadi kwa wanaoripoti, soma mipaka yake kabla ya kugusa kitu kingine. Ruhusa yao inaishia kwenye vikoa walivyovitaja. Barua iwe fupi, isiyo na vitisho, na isitaje malipo. "Nilipeni niwaambie" ni sentensi ambayo polisi wanaisoma tofauti na wewe.

Wape muda. Timu ya Project Zero ya Google iliuzoesha ulimwengu siku 90 kwa kampuni za programu, na wengi hutumia kipimo hicho. Lakini siku hizo zilibuniwa kwa programu ambazo watumiaji wanaweza kuzisasisha au kuziacha. Kwa tovuti ya duka au shule, kutangaza tundu hadharani hakumpi mteja njia ya kujilinda. Kunampa mwizi ramani. Wasipojibu, peleka kwa timu ya taifa ya dharura za kompyuta, ambayo nchi nyingi sasa zinayo, uambatanishe barua zako za awali na tarehe zake, nawe usiirudie tovuti hiyo kuangalia kama wameziba.